Sanduku Lililofunguliwa Mbele ya Wote
Haki ya warizi kujua hesabu ya mali ya marehemu, kwa mifano ya inchi yetu ya Kasongo na Kabambare



Padri aliyekaa hata mwaka mumoja tu katika parokia anajua maneno haya. Mutu amekufa. Matanga yamekwisha, wageni wamerudi kwao, moto wa kiwanja umezimika. Siku chache zinapita, na mulangoni mwa misioni anasimama mujane, ao mutoto mukubwa wa marehemu, na kanzu yake ingali ya matanga. Haombi mali. Anasema tu: «Padri, ninataka kujua. Baba aliacha nini? Nani ana deni lake? Barua za kiwanja ziko wapi?» Na yule aliyeshika ufunguo wa sanduku, mara nyingi ndugu mukubwa wa marehemu, hajibu neno, ao anajibu kwa hasira kwamba mwili wa marehemu haujapoa, na tayari watu wanahesabu nguo zake.

Wengi wetu tunajibu kwamba maneno ya urizi ni ya jamaa, ni ya Leta, si ya Eklezya. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, nami nitalirudia. Lakini halitoshi. Katika makala haya ninataka kuonyesha kwamba haki ya murizi kujua si desturi mupya ya Wazungu, wala si ukorofi wa watoto waliosoma. Ni neno la zamani, nalo lilijaribiwa katika inchi yetu wenyewe. Nitatoa habari mbili: moja ya mutunzaji mwovu, moja ya watunzaji wema. Zote mbili zinamuhusu musafiri mumoja aliyelala muda mrefu na ugonjwa huko Kabambare.

I. Kabambare, 1869 mupaka 1871

Tarehe 21 septemba 1869 Daktari David Livingstone, Mungereza na Muprotestanti, aliingia katika muji aliouita Bambarre katika daftari yake. Ndio Kabambare yetu. Alifika pamoja na msafara wa Waarabu waliotafuta pembe za tembo katika Manyema. Alikuta watu wa muji wamepata musiba si zamani: mufalme wao, ambaye Livingstone aliandika jina lake Moenekuss, alikuwa amekufa, na wana wake wawili walikuwa wameshika nafasi yake. Mukubwa, Moenembagg, alikuwa mwenye akili zaidi, na ndiye aliyesema kwa ajili ya wote katika mashauri makubwa. Lakini mudogo wake, Moenemgoi, ndiye aliyekuwa mufalme mwenyewe.

Tusipite upesi. Kazi ya kusema na kupanga ilikuwa mukononi mwa mumoja, na haki ya kiti mukononi mwa mwengine. Wazee wetu walijua kwamba kusimamia ni neno moja, na kuwa mwenyewe ni neno lingine. Katika magomvi mengi ya urizi tunayoyaona siku hizi, maneno haya mawili yamechanganywa: aliyepewa kusimamia anajifanya mwenyewe.

Livingstone alikaa na kutokatoka huko muda mrefu. Mwezi wa juni 1870 alipoelekea Lualaba, watumishi wake karibu wote walimwacha; watatu tu walifuatana naye: Susi, Chuma na Gardner. Miguu yake ikaliwa na vidonda, akarudi Bambarre mwezi wa julai, akalala ndani ya nyumba siku makumi munane. Karatasi zilipokwisha, aliandika juu ya magazeti ya zamani. Tarehe 4 februari 1871 watu kumi waliotumwa toka pwani walimufikia. Walimuletea barua moja tu, na makumi ine waliziacha nyuma. Mutu aliyewahi kungoja habari za mali yake toka mbali anaweza kufahamu uchungu wake.

Basi mali yake ilikuwa wapi? Ilikuwa Ujiji, ngambo ya ziwa Tanganika. Nguo na ushanga uliotumwa toka Zanzibar uliwekwa chini ya ulinzi wa mutu jina lake Sherif, ili Livingstone akirudi toka Manyema apate cha kulipa na cha kula.

II. Mutunzaji aliyemuzika mwenye mali angali hai

Tarehe 23 oktoba 1871 Livingstone alifika Ujiji, mifupa mitupu, akitoka Nyangwe, pahali alipoona kwa macho yake mauaji ya sokoni ya tarehe 15 julai. Akauliza mali yake. Wakubwa wa Ujiji wakamwambia kwamba Sherif ameuza vyote. Walikuwa wamemukataza, lakini hakusikia. Katika yadi 3000 za nguo hakubakiza hata moja, wala uzi mumoja wa ushanga katika ratili 700.

Sherif alijitetea namna gani? Alisema alipiga ramli kwa Kurani na kuona ya kuwa Livingstone amekufa. Tena alikuwa amemwandikia liwali wa Unyanyembe kwamba alituma watumwa Manyema kumutafuta, nao wakarudi na habari ya kifo chake. Kwa hiyo aliomba ruhusa ya kuuza vitu vilivyobaki. Kisha, bila haya, akaja kumupa mukono yule aliyemuita marehemu. Na Livingstone alipokataa mukono ule, Sherif akanuna kama mutu aliyetendewa vibaya.

Sherif hakuingia usiku kwa kuvunja ukuta. Aliingia kwa mulango wa halali: alikuwa mutunzaji, na ufunguo alipewa. Lakini alifanya maneno matatu. Kwanza, alitengeneza mwenyewe habari iliyomufaa, hata akamufanya mutu hai kuwa maiti. Pili, hakufanya orodha ya vitu mbele ya mashahidi. Tatu, walipomuuliza, akakasirika badala ya kuhesabu. Ninyi mulio katika parokia, semeni kama hamujamuona Sherif. Leo hasemi ramli. Anasema: «Marehemu aliniambia kwa siri.» Ao: «Vyote vilikwisha katika dawa na matanga.» Pengine ni kweli. Lakini kama ni kweli, kwa nini haandiki?

Tena tusikosee kwa kusema kwamba ni ubaya wa dini ya Sherif. Kurani ile aliyoipigia ramli inaamuru wenye kukopeshana waandike mbele ya mashahidi, na katika Sura ya 4 inaamuru anayewarudishia yatima mali yao aweke mashahidi. Ndugu zetu Waislamu wa Kasongo na Kabambare wanalijua neno hili vizuri, na katika jamaa zetu nyingi Mukristu na Mwislamu wanazika baba mumoja. Sherif alikosa juu ya kitabu chake mwenyewe.

III. Sanduku la Chitambo

Sasa tuone watunzaji wengine. Mwanzo wa mwezi wa mei 1873, katika muji wa mufalme Chitambo, inchi ambayo leo ni Zambia, Livingstone alikutwa amekufa, amepiga magoti karibu na kitanda. Waliokuwa naye walikuwa watu weusi tu, karibu makumi sita. Kati yao walikuwamo Susi na Chuma, wale wale wa Kabambare. Mwengine ni Jacob Wainwright, kijana aliyekombolewa katika utumwa na kusomeshwa katika inchi ya Wahindi, ambaye Stanley alimutuma pamoja na wengine mwaka 1872.

Fikirini hali yao. Pwani ni mbali, safari ya miezi mingi. Hakuna konsuli, hakuna polisi, hakuna tribinali. Warizi, ndio watoto wa marehemu, wako Ulaya, na hawawezi kujua ni vitu gani vilikuwa katika masanduku. Nani angewashitaki watu hawa kama wangegawanya nguo na vyombo, kisha wakatawanyika?

Lakini kulipokucha walikusanyika wote. Masanduku yakafunguliwa mbele ya kila mumoja, ili wote wawe na juu yao deni moja la kujibu. Jacob, aliyejua kuandika, akaambiwa aandike katika daftari ndogo ya marehemu kila kitu kilichoonekana. Akaandika: katika sanduku moja shilingi moja na nusu hivi, katika lingine kofia yake, saa moja, dira, na vyombo vya kupimia, sanduku kwa sanduku. Hata shilingi ile moja na nusu iliandikwa! Kisha wakazika moyo wake chini ya muti, Jacob akasoma sala za maziko. Mwili wakaukausha, wakaufunga, wakaubeba pamoja na masanduku.

Njiani, huko Unyanyembe, mwezi wa oktoba 1873, wakakutana na Mungereza mwengine, Cameron. Huyu aliona afazali mwili uzikwe pale. Susi na Chuma wakakataa. Lakini vyombo vya kupimia Cameron alivichukua sehemu kubwa, vimusaidie katika safari yake mwenyewe, ambayo mwaka 1874 ilimupitisha Manyema mupaka Nyangwe. Watunzaji hawakuwa na nguvu ya kumukataza muzungu. Basi hata hapa orodha ilikuwa na faida yake: kitu kikiisha kuandikwa, kikichukuliwa na mukubwa, inajulikana kwamba kilikuwako na kwamba si mubebaji aliyekiiba.

Mwezi wa februari 1874 walifika Bagamoyo. Mwili ulipokewa katika misioni ya Mapadri wa Roho Mutakatifu, na kesho yake ukavushwa Zanzibar. Waliobeba muzigo ule walilipwa mishahara wakaachwa. Lakini mwaka ule ule Susi na Chuma waliitwa Uingereza, na huko wakakaa na Horace Waller, rafiki ya marehemu, wakamueleza siku kwa siku maneno ya safari ya mwisho, pamoja na daftari. Hivi watoto wa Livingstone walipata mwili, wakapata maandiko, wakapata pia habari. Hesabu ilitolewa mupaka mwisho.

Mutu asiseme tena kwamba kuandika urizi na kuwapa warizi habari ni desturi ya Wazungu waliyotuletea. Siku ile huko Chitambo Waafrika ndio walioandika na kuhesabu.

IV. Kasongo, na vita vilivyochoma hesabu

Mufano wa tatu ni mufupi. Tippu Tip, aliyeweka makao yake Kasongo, alifanya biashara ya pembe kwa ushirika na wengine, kati yao Muhammad bin Khalfan, yule anayeitwa Rumaliza. Halafu vita vya Leta na Waarabu vikaja: Nyangwe ikaanguka mwezi wa marsi 1893, Kasongo tarehe 22 aprili mwaka ule ule, na Kabambare mwezi wa januari 1894. Sefu, mwana wa Tippu Tip, ambaye alishika mali ya baba yake huku, alikufa katika vita mwaka 1893, baba yake angali hai huko Zanzibar. Rumaliza akakimbilia inchi ya Wadachi, na baadaye akamushitaki Tippu Tip mwenyewe mbele ya tribinali yao ya Dar es Salaam juu ya hesabu za ushirika.

Mali ile ilikuwa na laana yake, maana ilitoka katika damu na utumwa wa wazee wetu, siilii mimi. Lakini mashauri yale yanatufundisha neno moja: hesabu iliyo katika kichwa cha mutu mumoja inakufa pamoja naye, na ushirika wa jana unakuwa ugomvi wa kesho. Nasi tumeona vita tangu siku zile: ya 1964, ya 1996, ya 1998, na zile zilizofuata. Mara ngapi nyumba imechomwa pamoja na barua zake, na mutu mumoja tu aliyebaki ndiye anayejua marehemu alikuwa na nini! Huyo mumoja amepewa na Mungu kazi ngumu sana. Tumusaidie asijaribiwe.

V. Sheria inasemaje?

Sheria ya Leta. Tarehe 30 julai 1888, Waarabu wangali watawala wa Kasongo, Leta ya Leopold ilitoa sheria juu ya mapatano. Ndani yake imeandikwa kwamba anayepewa kazi ya kutunza mambo ya mwengine lazima atoe hesabu ya kazi yake. Halafu tarehe 1 agosti 1987 ilitoka Sheria ya Jamaa, nayo ikatengenezwa tena tarehe 15 julai 2016. Kama marehemu hakuacha wasia, warizi wa kwanza ni watoto wake, nao wanapata sehemu tatu katika ine. Sehemu inayobaki ni ya mujane, ya wazazi na ya ndugu wa marehemu. Musimamizi wa urizi, ambaye watu wa tribinali wanamuita likidatere, ni yule mukubwa wa umri kati ya warizi, ao, akikataa, yule waliyemuchagua. Angalieni vizuri: sheria inampa mukubwa kazi, haimupi mali. Tena imesema mukubwa wa warizi, haikusema mukubwa wa ukoo wote.

Sheria ya Eklezya. Mutaguso wa Trento, mwaka 1562, uliamuru maaskofu waangalie kwamba mapenzi ya marehemu juu ya kazi za dini yanatimizwa, na wale wanaotunza mali ya makanisa na ya hospitali watoe hesabu kila mwaka. Neno hili limebaki katika kanuni 1515 ya 1917 na katika kanuni 1301 ya 1983: musimamizi wa wasia wa kidini atatoa hesabu kwa Askofu, na kama marehemu aliandika kwamba musimamizi asiulizwe, maneno hayo yanahesabiwa kama hayakuandikwa. Kanuni 1287 inaagiza tena tuwape waamini hesabu ya vitu walivyomutolea Mungu. Basi sisi wenyewe tumefungwa na sheria hii. Padri asiyesoma hesabu ya sadaka mbele ya wakristu wake atamwambia nini yule baba mukubwa mwenye ufunguo?

Maandiko Matakatifu. Someni tena kitabu cha Tobia. Muzee Tobiti alipozani kwamba kifo kinakaribia, alimuita mwana wake, akamwambia kuna feza ameweka kwa Gabaeli, na kuna maandiko juu yake. Gabaeli naye, alipoonyeshwa maandiko, alileta mifuko ingali na mihuri yake, akaihesabu. Baba aliyesema angali hai, maandiko yaliyotunzwa, mutunzaji aliyehesabu: hayo matatu yangemaliza nusu ya magomvi ya vijiji vyetu. Na Mutume Paulo, alipopeleka musaada Yeruzalemu, alitaka ndugu wengine wafuatane na feza, ili asishukiwe na mutu.

VI. Majibu kwa wanaopinga

Wazee wengine wanasema: «Mutoto anayeuliza mali ya baba yake anaonyesha kwamba alitamani kifo chake.» Tunaheshimu neno la wazee, na kuna watoto wasio na haya. Lakini kuuliza si kunyanganya. Haki ya kujua na haki ya kuchukua ni haki mbili. Pengine murizi akiisha kuona hesabu atajua kwamba madeni yamepita mali, na atanyamaza kwa amani. Mutu anayejua anaweza kusamehe. Asiyejua anaweza kushuku tu. Na katika inchi yetu mashaka hayabaki mashaka: yanakuwa maneno ya uchawi, na yatima wanafukuzwa kwa jina hilo.

Tuseme pia haki ya musimamizi. Yeye alilipa sanda, alilisha wageni, wenye madeni wanamupigia mulango usiku. Apewe muda. Arudishiwe feza alizotoa. Asiitwe mwizi mbele ya watoto wake. Hesabu inamulinda yeye kwanza, kama ilivyowalinda Susi na Chuma.

Wengine wanakumbusha kwamba Bwana wetu alikataa kuwagawanyia ndugu wawili urizi wao. Ni kweli, na ndilo jibu nililosema nitalirudia. Padri asiwe mugawaji. Asishike ufunguo, asiweke feza za jamaa katika kabati ya misioni, asichague nani apate kiwanja. Lakini Bwana yule yule, katika mufano wa wakili, alionyesha tajiri akimuita mutumishi wake atoe hesabu ya uwakili. Kugawanya si kazi yetu. Kukumbusha deni la hesabu ni kazi yetu.

VII. Neno la mwisho

Ninamukumbuka mukatekista mumoja aliyefundisha watu miaka mingi katika kijiji cha mbali. Alikufa bila kuandika neno. Ndugu yake alichukua sanduku. Mujane aliuliza mara mbili, kisha akanyamaza, kwa sababu mimi nilimushauri angoje. Nilizani ninaleta amani. Mwaka ulipokwisha, sanduku lilifunguliwa, na ndani yake mulikuwa nguo tu. Mupaka leo sijui kama barua ya kiwanja ilikuwamo siku ya kwanza, wala yule ndugu hana namna ya kuonyesha kwamba hakuitoa. Pengine ni mutu wa haki. Lakini hashiriki tena pamoja na shemeji yake, na watoto wanapita mbele ya nyumba yake bila kumuamkia. Kama siku ya maziko ningewaomba wazee wafungue sanduku dakika kumi tu mbele ya wote, hayo yote yasingekuwa.

Tangu siku ile, katika vijiji ninavyovipitia, ninawaomba wakatekista maneno matatu. Wa kwanza waandike wao wenyewe, wangali wazima, kitu walichonacho na deni walilo nalo, na muke ajue daftari iko wapi. Mutu akifa, kabla wageni hawajatawanyika, sanduku lifunguliwe mbele ya mujane, ya mutoto mukubwa na ya wazee wawili wa pande zote mbili, na mwenye kujua kuandika aandike hata shilingi moja na nusu. Na siku ya kumaliza matanga, musimamizi asome hesabu kwa sauti: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki.

Kwa hayo hatuhitaji franka wala ruhusa ya mutu. Inatosha daftari ndogo, kalamu, na watu wasioogopa mwangaza.